Kondoo, Kasuku na Bendera: Tusi la Mfuasi na Namna ya Kulisoma

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, hebu tutazame jibu moja ambalo limezoeleka mno katika mitihani ya majaribio. Swali huwa limeuliza sifa za wananchi katika tamthilia fulani, au nafasi ya umma katika riwaya. Mtahiniwa anaandika: "Wananchi hawa ni kondoo. Wanamfuata kiongozi wao bila kufikiri." Anaweka nukta na kurukia hoja nyingine. Mwingine anaandika kwamba ni "bendera fuata upepo", mwingine kwamba ni kasuku, na miaka ya hivi karibuni wamezuka wanaoandika kwamba mhusika fulani ni "chawa". Msahihishaji naye, kwa kuwa neno hilo liko karibu na lile lililo katika mwongozo wake, anatoa alama na kufungua ukurasa unaofuata.

Jibu hilo halijafika. Ukali wa lugha yake haudhuru kitu. Tatizo ni kwamba kondoo, kasuku na bendera si sifa za mhusika. Ni maneno ambayo mtu fulani amewarushia watu fulani kwa nia fulani. Kwa ufupi, ni matusi. Na tusi, kama usemi mwingine wowote katika kazi ya fasihi, lina msemaji, msemewa, mahali na sababu. Tunawafundisha wanafunzi wetu kuweka dondoo katika muktadha wake kwa alama nne, kisha tunawaruhusu kuliokota tusi njiani na kulitia katika jibu kana kwamba halina mwenyewe. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anayewaita watu kondoo kwa sababu mwongozo umewaita kondoo anafanya lile lile analowashutumu kwalo.

Maneno yenyewe

Wengi wetu huyachukua maneno haya kuwa visawe. Ukiyapima moja moja utaona kwamba kila moja lina kosa lake mahususi. Bendera imefungwa mlingotini. Inageuka kutwa lakini haiendi popote. Anayeitwa bendera anashutumiwa kwa kubadilika: jana alikuwa chama hiki, leo yuko kile, kesho akisikia upepo umegeuka atarudi. Kondoo ni kinyume chake. Kosa lake ni kutobadilika. Atamfuata mchungaji hata mpaka machinjioni. Kwa hivyo mtahiniwa anayemwita mhusika mmoja kondoo na bendera katika sentensi moja amejipinga mwenyewe, isipokuwa aonyeshe kwamba mhusika huyo alikuwa hivi katika sehemu moja na vile katika nyingine.

Kosa la kasuku liko kinywani. Anasema asichokielewa, na huenda hafuati mtu yeyote kwa miguu. Kibaraka, kwa upande wake, anaelewa vyema anachokifanya. Ana bwana wake na ana ujira wake. Kumwita mtu kibaraka ni kukiri kwamba ana akili, ila ameiuza. Kikaragosi hana ujira wala ufahamu, yeye ni mwanasesere anayechezeshwa na mkono usioonekana. Hapa sarufi inaweza kutusaidia. Nomino hizi mbili zina umbo la KI-VI, lakini zinapomrejelea mtu tunazipatanisha kama nomino za viumbe: kibaraka huyu, vibaraka hawa. Ukikuta mwandishi au mhusika anasema "kikaragosi hiki" kumhusu binadamu, simama hapo. Upatanisho umefanya kazi ambayo kivumishi kisingeweza kuifanya: umemwondoa mtu huyo katika ubinadamu. Hoja ya mtindo kama hiyo ni adimu katika karatasi za watahiniwa, na ina thamani kuliko orodha ya tashbihi sita zisizoelezwa.

Majirani zetu wa Tanzania wametuongezea maneno mawili. La kwanza ni chawa: mtu anayejibandika kwa mwenye cheo, mali au umaarufu, akimsifu asubuhi na jioni ili naye apate cha kunyonya. Tabia hiyo imeitwa uchawa. La pili ni nyumbu, ambalo mahasimu wa kisiasa hurushiana mitandaoni, na ambalo limewaangukia hasa wafuasi wa upinzani. Linganisha nyumbu na kondoo. Kondoo ana mchungaji. Nyumbu hana; yeye hufuata nyumbu aliye mbele yake, na huyo naye anamfuata aliyemtangulia. Ndilo neno hasa la kufuata mkumbo. Anayelitumia anakumbuka ile picha ya Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, maelfu ya nyumbu wakijitosa majini penye mamba kwa kuwa wenzao wamejitosa.

Lakini kila jazanda huonyesha upande mmoja wa kitu na kuuficha mwingine, na jukumu la mhakiki ni kuuuliza ule uliofichwa. Nyumbu havuki mto kwa upumbavu. Anafuata mvua na majani mabichi kutoka Serengeti hadi Maasai Mara, na kama hahami atakufa njaa. Aidha, nyumbu anayebaki peke yake nyikani ndiye windo rahisi la simba na fisi. Kundi ndilo ngao yake. Anayewaita watu nyumbu ametuonyesha mamba na kutuficha njaa. Ukibaki na swali hilo moja tu, "Je, jazanda hii imeficha nini?", utakuwa na silaha ya kutosha kwa tamthilia yoyote yenye umati ndani yake.

Tena lugha yetu yenyewe haichukii kufuata. Ina methali za kukusifia. Mfuata nyuki hakosi asali. Wengi wape. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hii ya tatu ni ya kutisha ukiitafakari, lakini wazee waliitoa kama ushauri wa busara, si kama kejeli. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu bendera na upepo bila kuzikumbuka methali hizi amesikiliza upande mmoja tu wa mazungumzo.

Kuhusu isimujamii sitasema mengi. Misimu huzuka na kufa. Bendera na kondoo zimekwisha kuwa lugha ya kila siku, ilhali haijulikani kama chawa atadumu. Mtahiniwa akitaka kulitumia neno hilo katika jibu la fasihi, alitie katika alama za kunukuu na aeleze maana yake.

Kasuku wa mwaka 1984

Nchini Kenya neno kasuku lina historia ambayo kila mwalimu anapaswa kuifahamu kabla ya kulifundisha. (Sizungumzii lile daftari la Kasuku ambalo wengi wetu tulijifunzia hati, ingawa si ajabu kwamba ndege wa kukariri aliwekwa kwenye jalada la daftari la shule.)

Daniel arap Moi alipochukua urais mwaka 1978 baada ya kifo cha Jomo Kenyatta, wito wake ulikuwa wa kufuata nyayo, yaani nyayo za mtangulizi wake. Neno Nyayo likaja kuwa jina la serikali, la uwanja, la basi, na la maziwa ya watoto wa shule ya msingi. Kufuata kulikuwa falsafa rasmi ya taifa. Kisha mwezi Septemba 1984, aliporejea nchini kutoka Addis Ababa, Rais alitoa wito kwa mawaziri, mawaziri wasaidizi na watu wengine wote waimbe kama kasuku. Alieleza kwamba enzi za Kenyatta yeye mwenyewe aliuimba wimbo wa Kenyatta pekee, hata watu wakamwona kuwa hana lake la kusema.

Soma tukio hilo kama unavyosoma dondoo. Msemaji ni mkuu wa nchi. Wasemewa ni walio chini yake. Neno ambalo katika mdomo wa mwalimu ni aibu, katika mdomo wake limegeuka sifa njema na sharti la kazi. Kuna jambo jingine ambalo mimi huliona kuwa na uzito zaidi. Huyu aliyekiri kwamba aliimba kama kasuku hakuwa mjinga. Aliimba, akasubiri, akarithi kiti, akakikalia hadi mwaka 2002. Waliomdharau kwa kukosa wimbo wake hawakuona kwamba kukariri kunaweza kuwa mbinu. Kwa hivyo mhusika anayeitikia "ndiyo, mzee" katika kila tukio huenda ni kasuku kweli, au huenda ndiye mtu mwenye hila kupita wote jukwaani. Wale madiwani wanaomuunga mkono Meya Sosi katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege wasomwe kwa jicho hilo. Je, hawaelewi wanachokiidhinisha, au wanakielewa vizuri mno?

Miaka minne baadaye, mwaka 1988, kufuata kulifanywa kwa miguu. Katika uteuzi wa chama cha KANU, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao mchana kweupe, na mgombea aliyepata asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila haja ya kura ya siri. Waliokuwepo walilalamika kwamba kuna mahali ambapo mlolongo mfupi ulitangazwa kushinda mrefu. Sasa mchukue mtu mmoja katika foleni hiyo. Chifu anamtazama, mwajiri wake anamtazama, jirani anamtazama. Utamwita kondoo? Hujui anachokifikiri, kwa kuwa mfumo mzima ulibuniwa ili asikionyeshe. Ndiyo sababu sehemu "bila kufikiri" katika lile jibu la mtahiniwa ndiyo dhaifu kuliko zote. Nani amemwambia kwamba hawafikiri? Tamthilia hutuonyesha wanachokifanya na wanachokisema. Wanachokifikiri hutuonyesha kwa nadra, na mara nyingi hutokea faraghani, katika sehemu ambazo mtahiniwa amezirukaruka.

Umati unaosema haupangwi

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2021 msanii Exray, akiwa na Trio Mio na Ssaru, alitoa wimbo uitwao Sipangwingwi. Katika Sheng, kumpanga mtu ni kumlaghai kwa maneno matamu, kumweka pale unapotaka awe. Sipangwi basi ni kusema: mimi si wa kuongozwa kwa hila, hiyo "ngwi" ya mwisho ni mchezo wa ulimi tu. Kelele za kampeni za uchaguzi wa Agosti 2022 zilipoanza, neno hilo lilichukuliwa na wanasiasa, nafsi ikabadilishwa kutoka umoja hadi wingi, likawa "hatupangwingwi". Mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya uchochezi, pamoja na madoadoa, kwekwe na mende.

Sijui kama kuna mfano bora wa kinaya kwa darasa la Kidato cha Tatu. Kiongozi anasimama juu ya gari, anatamka sehemu ya neno, na maelfu wanaitikia kwa sauti moja kwamba wao hawapangwi. Nafsi ya umoja ilipokufa, maana nayo iligeuka. "Mimi sipangwi" ni tamko la mtu binafsi. "Sisi hatupangwi", likiongozwa kwa kipaza sauti, tayari limepangwa. Tazama pia kauli ya kutendwa. Hatupangwi na nani? Kauli hiyo inamruhusu msemaji asimtaje mtenda, na kila msikilizaji anamjaza adui amtakaye.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kucheka. Umati ule ulikuwa na sababu ya kulipenda neno lile. Wengi wao walikuwa vijana waliochoka kuambiwa na wakubwa nani wamchague. Kinaya hakifuti malalamiko yao. Mhakiki anayeishia kwenye kicheko amefanya nusu ya kazi.

Umati katika vitabu

Kitabu kinachotajwa haraka katika suala hili ni Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya hadithi ya George Orwell. Humo kondoo ni kondoo hasa, na hilo huwafanya wasomaji wadhani hakuna la kuhakiki. Wapo, wanapiga kelele, hawana akili, basi. Lakini fuatilia kelele zao zinatokea lini. Zinatokea wakati wa mjadala, pale ambapo upande mmoja unakaribia kushawishi mkutano. Na kaulimbiu yao ya kutukuza miguu minne na kulaani miwili inapohitaji kugeuzwa, hawaigeuzi wenyewe. Msemaji wa nguruwe anawachukua kando kwa juma zima, mbali na wanyama wengine, na wanarudi wakiwa na kaulimbiu mpya siku ile ile nguruwe wanapotoka wakitembea kwa miguu miwili. Kuna mtu aliyepanga ratiba hiyo. Kondoo hawa wamefunzwa, na msuko wa hadithi umeweka wazi gharama ya mafunzo: juma moja la kazi ya kiongozi mkubwa wa propaganda. Kama ufuasi ungekuwa maumbile tu, juma hilo lisingehitajika.

Isitoshe, mnyama anayefuata kuliko wote shambani humo si kondoo. Ni yule farasi mwenye nguvu, anayejibu kila tatizo kwa kuahidi kuongeza bidii na kumwamini kiongozi. Hatumtukani. Tunamlilia anapochukuliwa na gari la kwenda kuchinjwa. Mwulize mwanafunzi wako kwa nini mfuasi mmoja amepewa huruma yetu na mwingine dharau yetu, ilhali wote wawili wameliangusha shamba. Jibu lake litakuwa uhakiki wa kweli, lolote liwalo.

Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, umati unayaamini maji. Kwa kipimo cha "kufuata bila kufikiri" hao ni kondoo wakamilifu: wameambiwa risasi za Wajerumani hazitawadhuru, wakaenda. Lakini tamthilia haianzi na maji. Inaanza na njaa, na kazi ya shokoa katika mashamba ya pamba, na makabila yasiyoaminiana. Maji yalifanya jambo ambalo hoja zilishindwa kulifanya, yaani kuwaunganisha watu hao. Kinjeketile mwenyewe ana wasiwasi, na Kitunda anataka watu wafunzwe vita kwanza, ila umati umekwisha kuwatangulia. Hapa anayefuata ni kiongozi! Mwandishi hajatupa nafasi ya kumdharau yeyote kwa raha. Waliokufa walikosea kuhusu maji, hawakukosea kuhusu pamba.

Kigogo ya Pauline Kea, ambayo ilitahiniwa kwa miaka kadhaa, ndiyo iliyowatia watahiniwa wengi katika mtego ninaouzungumzia. "Boza ni kibaraka wa Majoka." Sawa; lakini kibaraka ana ujira, basi tuonyeshe ujira wake. Soko la Chapakazi limefungwa, riziki ya wachongaji inategemea vinyago walivyoagizwa kuchonga, na Kenga analeta keki. Sudi anaitazama keki hiyo na kuona makombo ya karamu iliyoliwa kwingine. Kuikataa kwake kunapendeza kwa sababu kuna gharama. Mtahiniwa akiandika tu kwamba Sudi ni shujaa na Boza ni kibaraka, ameipoteza gharama hiyo, na bila hiyo ushujaa wa Sudi ni jina tu. Uzito wa njaa ya Sagamoyo ndio unaoupima ukataaji wa Sudi.

Halafu kuna Kingi, mkuu wa polisi, mhusika ambaye hupewa mstari mmoja katika majibu. Kwa sehemu kubwa ya tamthilia ni mtu wa kutekeleza amri. Ungemwita kikaragosi, na mpaka karibu na mwisho ungekuwa na ushahidi. Kisha Majoka anamwamuru awapige watu risasi, naye anakataa. Kenga naye anamwacha Majoka wakati huo huo, lakini usiwaweke pamoja. Kenga, mshauri aliyebuni hila nyingi, anahama baada ya kuona upepo umeelekea wapi. Huyo ndiye bendera halisi ya Sagamoyo, na neno hilo sasa limepata kazi yake. Kingi anakataa akiwa na silaha upande wake na bwana wake bado yuko hai mbele yake. Ikiwa katika swali la sifa za Kingi ulikwisha kuandika "kikaragosi" na kuweka nukta, kataa hilo utaliandika wapi?